Duka Halikufungwa, Wateja Hawakuja

Je, mama msomaji, umewahi kufungua duka lako alfajiri, ukafagia uwanja, ukapanga sabuni na mafuta ya kupikia mbele ili vionekane vizuri, halafu ukakaa hadi adhuhuri bila kuuza hata kibiriti? Akina mama wengi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa walikaa hivyo siku nyingi katika mwaka wa 2020. Hakuna askari aliyekuja kuwaambia wafunge. Hakuna tangazo lililobandikwa sokoni. Hata hivyo, ilipofika Julai, baadhi ya maduka, magenge na migahawa yao ilikuwa imekwisha kufungwa, na mingine haijafunguliwa mpaka leo.

Yafaa tulizungumze jambo hili sasa, kwa utulivu. Wakati wa msiba watu hawapigi hesabu. Hesabu hupigwa baada ya matanga. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena, kwa hiyo matanga yamekwisha. Mimi ni muuguzi, si mtaalamu wa biashara. Lakini kazi ya zahanati, na ile ya kutembelea familia pamoja na akina mama wenzangu wa kanisa, hunifikisha uani kwa watu, na uani ndiko unakoonekana mtaji wa mama ukikua au ukiliwa.

HAPAKUWA NA AMRI

Tukumbushane kidogo, maana miaka inapita. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alipatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, na vyuo vikafuata. Michezo, semina na mikutano ya hadhara ikasimamishwa. Nyumba za ibada hazikufungwa. Taifa liliombwa kufanya siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Masoko, maduka, migahawa na mabasi yakaendelea. Serikali ya Rais John Magufuli ilikataa kuwafungia watu ndani, kwa hoja kwamba kazi lazima ziendelee ili watu wale.

Jirani zetu walifuata njia nyingine. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, mwanzoni tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na amri ya namna hiyo haikuondolewa kabisa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hebu mfikirie mama anayeuza chakula cha jioni Mombasa, ambaye wateja wake ndiyo kwanza wanatoka kazini saa hizo. Mwezi Mei 2020 Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh huko Nairobi ilizungushiwa vizuizi, watu wasiingie wala kutoka, mpaka Juni. Uganda ilizuia magari ya abiria, ikafunga maduka yasiyouza chakula, na wachuuzi wa vyakula wa Kampala wakaambiwa walale humo humo sokoni badala ya kurudi nyumbani kila jioni. Wanawake walilala kando ya meza zao za nyanya chini ya vyandarua, watoto wao wakiwa nyumbani. Mabaa ya Uganda hayakuruhusiwa kufunguliwa tena mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili.

Mtu akisikia hayo atasema sisi wa Tanzania tulipona. Kwa sehemu ni kweli. Takwimu za serikali zaonyesha kwamba uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019. Yaani ulipunguza mwendo, haukuanguka. Walioanguka waziwazi ni wenye mahoteli ya watalii wa Zanzibar na wa kaskazini, kwani watalii walioingia nchini walipungua kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Mama anayepika chapati kando ya stendi ya Mbinga hana mtalii hata mmoja wa kumpoteza. Basi wateja wake walikwenda wapi?

WANAFUNZI WARUDI NYUMBANI

Tuanze na shule. Anayeujua mji wa Mbinga na vijiji vyake anajua jinsi biashara nyingi za akina mama zinavyoishi kwa kutegemea wanafunzi: maandazi ya asubuhi, madaftari, kalamu, sabuni za vipande, mafuta ya kujipaka, ndala za wale wa bweni, na wali maharage wa walimu wasio na familia. Tarehe 17 Machi wateja hao wote waliambiwa wafunge virago. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kutoka Machi 17 hadi Juni 29 ni siku 104.

Kisha kuna jambo ambalo wataalamu wengi hawalitaji, pengine kwa sababu hawapiki. Wanafunzi waliokuwa wakinunua dukani sasa walikuwa wakila nyumbani kwa mwenye duka. Mtoto aliyekuwa bwenini akila ugali wa shule, au aliyekuwa akishinda darasani mpaka saa tisa, sasa alikuwa uani tangu asubuhi, na tumbo la mtoto asiye na kazi halina saa. Duka likapoteza mteja na likapata mlaji, siku ile ile moja.

Mwambaoni mambo yalikuwa ya namna yake. Nyumba za kulala wageni za Mbamba Bay, Liuli na Lituhi hazijazwi na Wazungu wenye kamera. Hujazwa na wachuuzi wa dagaa, watumishi wanaokuja kukagua miradi, wasimamizi wa mitihani, watu wa semina. Semina zilipokatazwa na safari za kikazi zilipopungua, vyumba vikabaki na mashuka yaliyotandikwa vizuri bila mtu wa kuyalalia. Mama mmoja mwenye vyumba vichache karibu na ziwa aliniambia kwamba kulikuwa na juma zima ambalo kazi ya msichana wake ilikuwa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni, hewa tu ipite. Alimrudisha kwao mwezi wa Mei. Msichana huyo alikuwa akisomesha wadogo zake wawili.

Afadhali kidogo waliokuwa kando ya barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ambayo wakati ule ilikuwa ikijengwa kwa lami. Mafundi na vibarua lazima wale, korona au bila korona, na mama lishe aliyepata kambi ya wajenzi alimshukuru Mungu.

Dagaa nao hawana subira. Mchuuzi wa mwambaoni huwachukua kwa wavuvi, huwaanika, huwapakia kwenye viroba na kuwapeleka Mbinga, Songea, Njombe, na wengine hufika Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya biashara hii huenda kwa mali kauli: chukua mzigo, uza, nitumie pesa kwa simu. Mnunuzi wa mjini alipoogopa kukaa sokoni, au wateja wake walipopungua, mzigo ukasimama Songea na fedha ikasimama pamoja nao. Na mwezi wa Machi na Aprili ni miezi ya mvua huku kwetu. Dagaa aliyenyeshewa juu ya chanja hauzwi kwa bei ya chakula. Huuzwa kwa wafuga kuku.

Mbinga ni wilaya ya kahawa, na mzunguko wa fedha hufuata mibuni. Kuanzia Januari mpaka mavuno yaanzapo katikati ya mwaka, mkulima hana fedha taslimu, kwa hiyo hukopa dukani: chumvi, sukari, mafuta ya taa, ada ya mtoto. Atalipa kahawa ikitoka. Na tangu mwaka 2018, ambapo kahawa imekuwa ikipitia kwenye vyama vya msingi na mnadani, malipo yenyewe huweza kuchukua muda baada ya mkulima kupeleka kilo zake. Basi korona ilibisha hodi mwezi wa Machi, wakati daftari la madeni la mwenye duka wa Mbinga limejaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka na kibubu chake ni chepesi. Laiti ingekuja Septemba, hadithi ingekuwa tofauti. Sukari nayo ikaadimika Aprili na Mei mwaka huo huo mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Na mama wa chai na maandazi bila sukari atauza nini?

HOFU NA UVUMI

Nafika sasa kwenye jambo la kazi yangu. Wapo wateja walioacha kuja kwa sababu hawakuwa na fedha, na wapo walioacha kwa sababu waliogopa. Hofu yenyewe ilikuwa na haki yake, kwani ugonjwa ulikuwepo na uliua. Lakini baada ya mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za wagonjwa hazikutangazwa tena nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu asipopewa habari haachi kuogopa. Hutafuta habari kwa jirani. Sisi wauguzi tulikuwa tukisimamishwa sokoni na kuulizwa kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba nyumba fulani "wanao".

Mwenye mgahawa mmoja wa mjini Mbinga alipokea kaka yake kutoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Kaka akashikwa na homa siku ya tatu. Alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto, akapona. Lakini habari iliyokwenda mtaani ilikuwa nyingine, na kwa karibu mwezi mmoja watu walipita upande wa pili wa barabara wakifika mbele ya mgahawa huo. Wali alioupika uliliwa na watoto na majirani wa karibu. Hakuna amri ya serikali ambayo ingeweza kumfungia biashara upesi namna hiyo.

Alipona kwa ujanja mmoja. Alihamisha jiko kutoka ndani akaliweka barazani, mbele ya macho ya wapita njia, na akaweka ndoo ya koki na sabuni mahali ambapo mtu hawezi kufika mezani bila kuipita. Yeye na msaidizi wake wakavaa barakoa za kitenge na kufunga vilemba. Watu waliona jinsi chakula kinavyopikwa. Wa kwanza kurudi walikuwa madereva wa bodaboda, ambao nadhani hawaogopi kitu chochote, wengine wakafuata. Na mpaka leo jiko liko barazani, kwani aligundua kwamba harufu ya vitunguu ikivuka barabara huleta wateja zaidi kuliko kibao chochote.

NG'AMBO YA ZIWA

Ukisimama ufukweni Mbamba Bay, ng'ambo ni Nkhata Bay ya Malawi, ambako ziwa hili huitwa Ziwa Malawi. Watu wa pande zote mbili wanaoana, wanavua maji yale yale, na wanauziana. Kilichotokea kule mwezi wa Aprili 2020 chapaswa kujulikana na kila mama mwenye biashara ndogo.

Malawi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 2 Aprili. Tarehe 14 Rais Peter Mutharika akatangaza kwamba nchi itafungwa kwa siku 21 kuanzia usiku wa tarehe 18. Masoko makuu yangefungwa, na watu wangekaa nyumbani. Wachuuzi wakaingia barabarani katika miji kadhaa, ukiwemo Mzuzu, ambao hauko mbali na ziwa. Kilio chao kilikuwa kimoja: korona huenda isituue, lakini njaa hakika itatuua. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na kati ya waliopeleka ilikuwemo idara ya kanisa la CCAP, Sinodi ya Livingstonia, inayoshughulikia mambo ya jamii, pamoja na watetezi wa haki za binadamu. Hoja yao haikuwa kwamba ugonjwa ni uongo. Walisema kwamba serikali haikueleza mtu anayekula kwa kuuza leo atakula nini akifungiwa. Tarehe 17 Aprili, siku moja kabla ya nchi kufungwa, Jaji Kenyatta Nyirenda akaisimamisha amri hiyo; na Septemba 2020 mahakama ikaamua kwamba ilikuwa kinyume cha katiba.

Nchi tajiri zilifunga na kulipa. Uingereza ilipozifunga baa na migahawa mwezi Machi 2020, serikali ilibeba hadi asilimia 80 ya mishahara ya waajiriwa waliosimamishwa, na mpango huo ulikwenda mpaka Septemba 2021. Huku kwetu hakukuwa na kufungwa na hakukuwa na kulipwa. Benki Kuu ya Tanzania ilichukua hatua mwezi Mei 2020, ikapunguza riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikaruhusu mabenki kuwapangia upya wakopaji wao malipo, na ikapandisha kiwango cha kutuma fedha kwa simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Hatua njema. Lakini mama wa genge la Liuli hajakopa benki, na ile milioni 5 ya kutuma kwa siku, atamtumia nani?

MTAJI UNAVYOLIWA

Tuchukue mfano wa duka dogo la kijijini, na nakuomba uchukue kalamu. Mtaji wote, yaani bidhaa zilizomo, ni shilingi 600,000. Faida ya siku ya kawaida ni shilingi 8,000. Kila siku mama huchukua dukani sukari, sabuni, unga kidogo, mafuta, vya shilingi 5,000 kwa matumizi ya nyumbani. Haandiki, kwani ni duka lake. Mambo yanakwenda, kuna 3,000 inabaki.

Mauzo yakipungua nusu, faida inakuwa 4,000. Na watoto wakirudi nyumbani kutoka shule, vinavyochukuliwa dukani vinapanda kutoka 5,000 hadi 7,000. Sasa kila jua likizama duka limepungukiwa 3,000. Ni fedha kidogo, haionekani kwa macho. Rafu bado zina vitu. Zidisha kwa siku 104 ambazo shule zilifungwa: shilingi 312,000. Ongeza marejesho ya mkopo wa kikundi ya shilingi 50,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, ni 150,000. Jumla 462,000. Siku watoto wanarudi shule, mama huyu ana mtaji wa 138,000, na watoto wenyewe wanataka madaftari.

Ndiyo maana maduka mengi yalifungwa mwezi wa Julai na Agosti, wakati hatari kubwa ilionekana kupita. Watu walishangaa. Walidhani mwenye duka amelogwa au amekuwa mvivu. Mwenyewe hakujua mtaji umekwenda wapi, kwa sababu hakuibiwa wala hakupata hasara ya siku moja.

Hapa hapana budi tuzungumze habari za mume na mke. Katika nyumba nyingi nilizopita, baba alikuwa amezoea kwamba mboga, sabuni na sukari "zipo dukani". Fedha ya kahawa au ya samaki ilikuwa ya mambo makubwa: bati, pikipiki, ada. Mpango huo haukuwa mbaya wakati duka lilikuwa likipumua. Lakini duka liliposhindwa kupumua, akina mama wengi hawakusema. Wengine waliogopa kuonekana wameshindwa, wengine walisema si adabu kumdai mume fedha ya sabuni wakati unauza sabuni. Wakakopa kimya kimya. Na mkopo wa kimya ndio huo unaoitwa kausha damu, wenye riba isiyoandikwa mahali popote na anayekuja kudai mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Najua mama aliyefika zahanati mara tatu akilalamika kichwa na moyo kwenda mbio. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Mara ya tatu ndipo alipotaja deni, na mumewe, ambaye alikuwa amemsindikiza na kuketi nje kwenye benchi, hakuwa na habari nalo.

Mwingine, mwenye duka kijijini kwenye milima ya Umatengo, alifanya kinyume. Wiki ya pili ya Aprili alimwita mumewe dukani jioni, baada ya watoto kulala, wakahesabu kila kitu kwa mwanga wa taa ya sola: sabuni ngapi, mafuta kiasi gani, nani anadaiwa. Walikubaliana mambo mawili. Chochote kitakachotoka dukani kwenda jikoni kitaandikwa kwenye daftari la madeni kwa jina la baba mwenyewe, kama mteja mwingine yeyote. Na ngolo mbili tatu za maharage zilizokuwa tayari zitaliwa nyumbani, zisiuzwe. Kahawa ilipolipwa, baba alilipa deni lake dukani. Mama huyo alinieleza huku akicheka kwamba yule ndiye mdaiwa pekee ambaye hakumkimbia barabarani. Duka lake lipo, na sasa ni wakala wa fedha kwa simu pia.

Vikundi navyo vilitofautiana sana. Kipo kikundi kilichokubaliana mwezi Aprili kusimamisha marejesho kwa miezi mitatu na kuendelea na hisa ndogo tu za kila wiki. Kikundi hicho hakikumpoteza mwanachama hata mmoja. Kipo kingine kilichokwenda nyumbani kwa wanachama kuchukua godoro na redio. Kilivunjika kabla ya Krismasi, na wanawake wawili waliokuwa wakiketi benchi moja kanisani walihama mabenchi. Kwa maoni yangu, katiba ya kikundi isiyosema lolote kuhusu ugonjwa wa mlipuko, ukame au msiba mkubwa ni karatasi tu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa vyatakiwa kusajiliwa, na siku ya kuandika upya katiba kwa ajili ya usajili ni siku nzuri ya kuongeza kifungu hicho. Kadhalika, mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikaanza kutolewa tena mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa. Muulize kabla ya kumfuata mtu wa kausha damu.

Wapo pia waliopata. Mafundi cherehani walioshona barakoa za kitenge walifanya kazi usiku na mchana kwa majuma kadhaa. Wauza tangawizi, malimau na vitunguu saumu waliuza kwa bei ambayo hawajaiona tena. Ila walionunua magunia ya tangawizi kwa tamaa mwezi wa Juni walibaki wakiitazama ikinyauka. Na nusu ya pili ya mwaka 2021, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ya arabika ilipanda sana katika soko la dunia. Waliokuwa bado na duka la kufungua walikuwepo kupokea fedha hiyo ilipoteremka mpaka kijijini. Waliokuwa wamekwisha kufunga waliiona ikipita.

IKIJA TENA

Korona haitakuwa ya mwisho. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani na kuzindua chanjo, watu walianza tena kuuliza maswali waziwazi, na sisi wahudumu tukaanza tena kuyajibu waziwazi. Lakini tangu hapo nchi imekwisha kuona Marburg mara mbili huko Kagera, mwaka 2023 na mwaka 2025. Sisi wa kando ya ziwa tunaye mgeni wetu wa zamani, kipindupindu, na huyu hana mjadala: kikiingia, ofisa afya hupiga marufuku vyakula vilivyopikwa njiani, matunda yaliyokatwa, juisi za kienyeji na mikusanyiko ya misibani yenye kula. Mama lishe ndiye wa kwanza kufungiwa, safari hii kwa amri kweli.

Nimeona jinsi ukaguzi unavyokwenda baada ya marufuku hayo. Wanaoruhusiwa kwanza si wenye mgahawa mkubwa. Ni wale ambao ofisa akifika anakuta choo chenye mlango na maji ya kunawa, hata kama ni kibuyu chirizi. Maji ya kunywa yaliyochemshwa katika chombo chenye mfuniko na koki. Vyombo vinaanikwa kwenye kichanja, si chini. Chakula kimefunikwa na kinatolewa kikiwa cha moto. Na kila anayegusa chakula ana cheti cha kupimwa afya ambacho hakijapita miezi sita. Hayo manne ya kwanza waweza kuyafanya juma hili kwa fedha usiyoisikia. Hilo la mwisho ndilo linalowachelewesha wengi, kwani marufuku ikitangazwa wapishi wote wa kata huja kupimwa siku moja, na vipimo huisha.

Usingoje siku hiyo. Njoo zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiwa na msaidizi wako wa jikoni, mpimwe choo na mengine mtakayoelekezwa. Njooni kabla ya saa tatu asubuhi, kwani baada ya hapo tunaanza kliniki ya watoto na foleni huwa ndefu.